Mtoto Si Rehani: Barua ya Wazi kutoka Uvira kwa Wanaotunga Kanuni za Viza ya Schengen

Waheshimiwa mlioko Brussels na Berlin,

Nawaandikia kutoka Uvira, mkoa wa Kivu Kusini, mahali ambapo milima ya Mitumba inashuka karibu kabisa na Ziwa Tanganyika na mji umebanwa katikati. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kukusudia. Deutsche Welle imesema nasi kwa lugha hii tangu 1963, na marehemu baba yangu hakula chakula cha jioni kabla taarifa ya habari haijaisha. Berlin nako Kiswahili kimefundishwa tangu 1887, ilipofunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki. Hamtakosa mtu wa kuwasomea. Tena ndiyo lugha ambayo mama yangu, akiwa Ujerumani, humbembelezea mjukuu wake kwa simu, na habari yenyewe ni ya hao wawili.

Mama aliondoka Uvira 2017, mwaka ambao mwezi wa tisa wapiganaji waliushambulia mji wetu na boti zao zikaja kwa njia ya ziwa. Sababu zake mwenyewe za kuondoka alizieleza kwa waliokuwa na haki ya kuzisikia, wakamwamini, wakampa hifadhi. Nawashukuru kwa hilo, na shukrani hiyo ni ya kweli. Leo anaishi na mdogo wangu wa kiume katika mji mmoja wa magharibi ya Ujerumani, na anafanya kazi katika jiko la nyumba ya wazee. Mkononi ana hati ya kusafiria ya mkimbizi, yenye jalada la buluu, na ndani yake imeandikwa kwamba inafaa kwa nchi zote isipokuwa nchi aliyozaliwa.

Maneno hayo siyalalamikii. Yalimlinda. Ila maana yake ni kwamba mama hawezi kuja Uvira kumwona mtoto wangu. Basi mtoto ndiye aende. Ipo njia nyingine, ya uraia, na mama anaifuata. Mtihani wa maswali 33 ameshaushinda. Kilichobaki ni Kijerumani cha ngazi ya B1, na mtu aliyeanza kukisoma akiwa na miaka 55, usiku, baada ya kuosha masufuria, haendi haraka.

Mtoto wangu alizaliwa hapa Uvira, Januari 2024. Tulimpa jina la mama. Huku kwetu mtoto wa namna hiyo tunasema ni majina yake, na majina hukaa mapajani pa mwenye jina. Hakuna anayehitaji kufundishwa hilo. Mdogo wangu alipiga simu siku ileile: "Yaya, mlete. Nitawaandikia mwaliko." Hakuandika tu. Alikwenda ofisi ya wageni ya mji wake akatia sahihi hati ya kubeba gharama zetu zote, ambayo kwa sheria ya Ujerumani inaweza kumdai mtu hadi miaka 5. Aliisaini akijua anachosaini.

Nasi tukaanza. Mtoto tulimwandikisha kabla ya siku 90 kupita, kama sheria ya familia ya Kongo inavyotaka, kwa maana ukichelewa unatumwa mahakamani. Pasipoti ikatafutwa, yake peke yake, kwa kuwa siku hizi mtoto haandikwi ndani ya pasipoti ya mama. Ikabaki picha. Picha ya pasipoti inataka uso uliotazama mbele, macho wazi, mdomo umefungwa, nyuma peupe, na mtu mwingine asionekane. Nenda ukamweleze hayo mtoto wa miezi mitano! Mpiga picha wa barabara kuu, pale Mulongwe, alinikalisha kwenye kiti akanifunika shuka jeupe kutoka kichwani hadi miguuni, nami nikamshika mtoto kwa ndani ya shuka, viganja viwili chini ya makwapa yake, aonekane amekaa mwenyewe. Joto lilikuwa kali. Sikuona kitu, nilisikia tu kamera, na mtoto akigeuka kila mara kunitafuta mahali sauti yangu inapotoka. Ilichukua karibu saa nzima. Ile picha ninayo hadi leo, na nikiitazama naona vidole vyangu vimejichora kwenye shuka.

Tulingoja atimize miezi 9 apate chanjo ya homa ya manjano na kadi yake. Siku ile ile nesi alipomchoma, mama alipiga simu akataka urefu wa mtoto. Nguo za watoto Ujerumani hupimwa kwa sentimita za mwili wa mtoto: ukitaka koti la mtoto wa sentimita 74 unanunua namba 74. Tulimlaza mkekani, mume wangu akamnyoosha miguu, nami nikapitisha futi ya fundi wa cherehani. Alikuwa 71. Mama akanunua koti la baridi namba 80, akue ndani yake. Alituma picha yake: rangi ya chungwa, lenye kofia, na vifuko vya mikono vimeshonewa pembeni visipotee.

Sasa niseme juu ya fedha, kwa sababu ndipo faili yetu ilipoanza kuonekana nyembamba. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mshahara wangu unapita benki, na karatasi zake nilizitoa. Mume wangu ana mitumbwi miwili na nyavu, huko Kalundu. Ndakala huvuliwa usiku wa giza, kwa taa: samaki wanaufuata mwanga juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, mitumbwi inakaa ufukweni, nyavu zinashonwa. Kwa hiyo fedha ya nyumba yetu inajaa na kupwa kwa kufuata mwezi, na hakuna taarifa ya benki ya miezi mitatu inayoweza kuonyesha hilo. Nauli ya ndege ilitoka kwenye likelemba. Tupo akina mama 12, kila mwezi mmoja anapokea michango ya wote, na zamu yangu ilifika mwezi wa tisa. Niliipokea nikijua nina miezi mingi mbele ya kuwachangia wenzangu. Waheshimiwa, mnapouliza kitu gani kitamrudisha mtu nyumbani, hicho ni kimojawapo. Mwanamke aliyepokea zamu akatoweka hawezi tena kusimama popote Uvira, wala mama yake hawezi kusalimiwa na jamaa wa Uvira walioko Ujerumani. Lakini likelemba haina muhuri, haikuingia kwenye faili.

Maombi ya viza hupokelewa Kinshasa, na kutoka Uvira hadi huko hakuna barabara ya kupita. Ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya ndege. Oktoba 2024 tulipanda basi dogo alfajiri: Sange, Luvungi, Kamanyola, kisha kona za Ngomo ambako mtoto alitapika mara mbili kwenye kikwembe changu, hadi Bukavu, kesho yake tukapanda ndege Kavumu. Siku hizi hata njia hiyo haipo, kwa kuwa tangu Februari 2025 Kavumu haipokei tena ndege za abiria. Yote hayo ili watu wazima wawili wakaweke vidole kwenye mashine. Mtoto hakuweka, maana aliye chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole. Wala hakulipiwa. Sisi wawili tulilipiwa euro 90 kila mmoja, yeye bure, kwa kuwa hajafika miaka 6. Nilifurahi kuona hivyo. Ina maana siku mlipokaa kuandika kanuni hii, mmoja wenu alikumbuka kwamba watoto wachanga nao husafiri.

Siku moja kabla ya miadi, kijana anayejazia watu fomu kwa malipo aliipitia faili yetu ukurasa kwa ukurasa. Bima ya euro 30,000 kwa kila mmoja ipo, mwaliko upo, tiketi ya kurudi imeshikwa. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayempa dada yake ushauri: "Mama, faili ni nzuri, ila mmekosea jambo moja. Mnasafiri wote. Mwacheni mtoto nyumbani. Wakiona mtoto amebaki, wataamini kuwa mtarudi."

Nilikuwa namnyonyesha wakati huo. Nilimwangalia nisijue la kumjibu. Tunakwenda kumwonyesha mtoto kwa nyanya yake. Tukimwacha mtoto, tunakwenda kuonyesha nini?

Aliyetupokea siku ya miadi alikuwa mtu wa heshima na sina neno naye. Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa, karatasi moja yenye visanduku, na kimoja kimetiwa alama: kuna shaka ya msingi kuhusu nia yetu ya kuondoka kabla viza haijaisha. Basi. Hakuna sentensi iliyosema shaka hiyo imetoka wapi: kwenye mitumbwi, kwenye mshahara wangu, au kwenye mtoto. Siwezi kuapa kwamba ni mtoto. Lakini tangu hapo nimezungumza na jirani zangu wengi waliowahi kuomba, na ushauri wa yule kijana unajulikana mji mzima. Mume aende, mke abaki. Mama aende, watoto wabaki. Watu wanapanga safari ya kuzika, ya harusi, ya kumwona mgonjwa, na swali la kwanza mezani ni nani atabaki kama rehani.

Nimeisoma Kanuni yenu ya Viza ya 2009, kwa Kifaransa, usiku kadhaa. Kiambatisho cha pili kinaorodhesha vitu vya kuonyesha kwamba mwombaji ataondoka: tiketi ya kurudi, fedha, kazi, nyumba au kiwanja, na mahusiano ya kifamilia. Ni hilo la mwisho ninalotaka tulizungumze. Likisomwa kwetu, linasomeka hivi: mahusiano yenye uzito ni ya wale ulioachana nao uwanja wa ndege. Aliyebebwa mgongoni hahesabiwi, na akihesabiwa anahesabiwa upande wa pili wa mizani. Familia inayokwenda pamoja kumwona mzee wake, jambo ambalo Ujerumani nzima hulifanya kila Krismasi, kwetu inageuka dalili ya kutoroka.

Sisemi hakuna anayebaki. Wapo, nawajua. Wala sitawaambia kwamba Uvira ni mahali ambapo mtu hana sababu ya kukimbia, wakati mama yangu mwenyewe alikimbia. Lakini kama mnataka kujua sisi ni watu wa namna gani, ulizeni tulifanya nini vita vilipofika. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, tulivuka mpaka wa Kavimvira kwenda Gatumba, nchi jirani, pamoja na umati mkubwa, mtoto mgongoni, akiwa na mwaka mmoja na mwezi. Tulilala nje siku kumi na mbili. Mji ulipotulia kidogo, tulirudi. Desemba 2025 waasi wa M23 walipoingia Uvira penyewe, tulikwenda kusini, Makobola, Swima, hadi Baraka. Tukarudi tena. Hakuna aliyeturudisha kwa nguvu. Mitumbwi iko Kalundu, darasa langu liko Mulongwe, akina mama 11 wananingoja. Mume wangu alikuta wavu mmoja umeibiwa na siku ile ile akakaa chini kushona uliobaki. Huo ndio ushahidi wa kurudi ninaoujua mimi, na fomu haina mahali pa kuuandika.

Kuna jambo la pili, dogo kwenu, kubwa kwetu. Jioni, kutoka mlima ulio nyuma ya mtaa wetu, tunaziona taa za Bujumbura. Uwanja wake wa ndege uko upande huu wa jiji, karibu na Gatumba; ndege ikishuka usiku, watoto wa mtaani wanaihesabia taa zake. Bujumbura kuna balozi za Ulaya. Kwa teksi ni safari ya asubuhi moja. Lakini huko ni nchi nyingine, nasi tunatakiwa kuomba katika nchi tunamoishi kisheria, yaani Kinshasa. Na nani aliyeufanya mto Ruzizi kuwa mpaka? Ni wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza waliokaa Brussels 1910 wakagawana nchi hizi kwenye meza. Siwarudishi huko kuwadai. Nasema tu kwamba mstari huo ulichorwa na ofisi za miji ile ile ninayoiandikia leo, na kanuni yenu imeshaacha mlango: kifungu cha 6 kinaruhusu ubalozi kupokea maombi ya mtu aliye nchini kihalali bila kuwa mkaaji, akieleza sababu ya haki. Waandikieni balozi zenu zilizo Bujumbura kwamba kuishi Uvira, penye vita na pasipo barabara ya kwenda mji mkuu wala ndege, ni sababu ya haki. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji barua moja.

Na juu ya watoto, ninachoomba hakizidi hapo. Waelekezeni wanaosoma faili kwamba mtoto mchanga anayesafiri na wazazi wake kwenda kumwona nyanya asihesabiwe kuwa dalili mbaya. Na wanapokataa, waandike sentensi mbili za kueleza, juu ya kisanduku kile. Mimi ni mwalimu. Mwanafunzi wangu akikosa jibu namwandikia pembeni amekosea wapi, ili ajue cha kurekebisha. Karatasi yetu haikutufundisha kitu. Tukiomba tena kesho, nitakuwa na faili ile ile, na yule kijana atanipa ushauri ule ule.

Jamaa wengine wa Uvira wameamua kukutana na wazee wao nchi ya tatu, Nairobi au Kigoma, wiki moja katika nyumba ya kupanga, kisha kila mtu anarudi upande wake. Mama analifikiria hilo. Anachokataa ni Bujumbura. Anasema hawezi kukaa ufukweni pale aitazame milima ya Uvira ng'ambo ya maji, azijue hata njia za kuipanda, asivuke.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, alipiga simu akaniambia nimpime mtoto tena. Siku hizi halali mkekani kupimwa. Alikataa, akasimama mwenyewe kwenye mwimo wa mlango, kidevu juu, na mume wangu akaweka alama ya kalamu juu ya kichwa chake. 89. Nilimsikia mama upande wa pili akiirudia namba hiyo kwa Kijerumani, polepole, kama anavyojizoeza kwa ajili ya mtihani wake: neunundachtzig. Kisha akaenda nyuma ya mlango wa chumba chake, ambako koti la 80 bado limening'inia na karatasi ya dukani, akageuza simu ili mjukuu wake alione.

Mwalimu, na mama wa mtoto mmoja,
Mulongwe, Uvira